Chungu cha Mzee wa Ndege

Juzi nilirudi kijijini Mwaya, kando ya ziwa, kuangalia nyumba ya bibi, maana paa linavuja na ndugu zangu wote wamejifanya hawana habari. Jikoni, nyuma ya magunia ya kakao, nikakuta chungu kikubwa ambacho kuku wamekigeuza wodi ya wazazi. Nikakaa chini hapo hapo. Rafiki yangu, chungu kile nakijua.

Enzi za Mwingereza, muda mfupi baada ya vita kuu ya pili, alihamia jirani nasi mzee mmoja wa Kizungu, mpole, mpenda watoto. Bibi alikuwa mfinyanzi. Mzee alikuja kununua vyungu, akabaki kula nasi wali na samaki wa mbasa wa kuchoma, akashukuru kwa "ndaga" ya puani hadi tukacheka. Lakini bibi alipowasha nyasi juu ya vyungu kuvichoma, mzee aliinuka akaenda kusimama ziwani, maji ya magoti, viatu na vyote, katupa mgongo. Sisi watoto tulidhani Wazungu wanaogopa moshi.

Basi siku ya sherehe ya serikali, uwanjani shuleni, akatokea kavaa sare, kifua kizima medali. Bwana DC akasimulia kazi yake, mwalimu wetu akitafsiri. Alianza rubani kijana, akapanda cheo baada ya cheo, mpaka akawa mkuu wa ndege za vita zisizohesabika. Akitoa amri, zinaruka, na kabla hakujapambazuka mji mzima wa adui, na kina mama na watoto wao, umekuwa majivu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaikalia mikono yangu. Huyu huyu aliyekuwa akinitolea miiba ya samaki?

Bibi naye hakupiga makofi. Alisimama.

"Mwalimu, hebu mwulize baba huyu. Aliporudi vitani, nani alimwosha?"

Kwetu, aliyeua vitani hakuingia ndani wala kula na watu mpaka aoshwe kwa maji ya majani ya dawa, kutoka chungu chake mwenyewe. Jirani yetu aliporudi kutoka Burma, mama yake mzazi alimlisha nje, kwenye kigae, hadi alipooshwa. Na yeye alikuwa amempiga risasi mtu mmoja tu.

"Mama, hilo siwezi kuuliza," mwalimu alisema, jasho likimtoka. Lakini mzee mwenyewe alimng'ang'ania atafsiri. Aliposikia, akavua kofia, akajibu kwa sauti ndogo.

"Anasema hakuna," mwalimu akatuambia. "Anasema walimpa medali."

Nilidhani bibi angeenda kuvunja sahani zote alizolia chakula mzee yule. Wapi!

"Mwambie nitamfinyangia chungu chake. Kikiiva, aje."

Kilipoiva, bibi alichuma majani, akakaa nacho ufukweni mpaka jua likazama. Mzee hakuja. Baadaye tukasikia Bwana DC alikwishampandisha meli, eti hewa ya ziwa haimfai. Wanunuzi walikitamani chungu kile, bibi akakataa katakata. "Kina mwenyewe," alisema, na nilimwona akifuta machozi kwa khanga.

Siku hizi ufukweni ni ndoo za plastiki tupu, na yale majani sijui kama yupo anayeyakumbuka. Niliwafukuza kuku, nikapitisha mkono ndani. Chungu kilichokaa maji huwa na mstari ndani. Hiki hakina.