Fimbo Mbili Kati Yangu na Mama Mkwe

Gari yangu ya kwanza ilikuwa ndogo. Naanza kwa kukiri mwenyewe, maana mke wangu yuko hai na kazi yake kubwa ni kunisahihisha. Ilikuwa saluni ya milango minne, mtumba kutoka Japani, ya miaka ile serikali ilipolegeza kamba na watu wakaruhusiwa kuagiza vitu. Kabla ya hapo, Musoma nzima gari za watu binafsi ulikuwa unazimaliza kwa vidole, na nusu yake zilikuwa juu ya mawe zikisubiri spea. Kwa hiyo mimi, karani wa kawaida tu, kupita mtaa wa Iringo nimeshika usukani wangu mwenyewe, jamani, niliringa. Nilikuwaga naenda kununua kiberiti kwa gari.

Mama mkwe wangu aliishi ndani huko Butiama, mbali na njia ya basi, na macho yake yalikuwa yamefunga. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alibaki kujua tu kwamba sasa ni mchana, sasa ni usiku. Siku moja ikaja habari kwamba daktari wa macho anakuja hospitali ya mjini, atapasua watu siku tatu halafu anaondoka, na hakuna aliyejua kama atarudi tena. Mke wangu akalia kwa furaha. Mimi nikapiga kifua.

"Tatizo liko wapi? Gari ipo."

"Mama atakaa wapi?"

"Nyuma."

"Na wewe?"

Hapo mkono ukashuka kutoka kifuani.

Kwa ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawasogeleani. Nikienda kusalimia, yeye anakaa jikoni, mimi nasimama nje, tunasalimiana ukuta wa udongo ukiwa katikati. Miaka yote ile nilikuwa nauamkia ukuta kwa adabu kubwa. Ikitokea tumekutana uwanjani, analaza fimbo yake chini mara mbili. Fimbo mbili, hapo ndipo mwisho wa kusogea. Tulipompelekea habari ya safari, akajibu kwamba kama gari ina nafasi ya fimbo mbili kati yake na mkwe, atakuja. Kama haina, atakufa na macho yake hayohayo, asante sana.

Nikakata kamba ya katani, urefu wa fimbo mbili, nikaanza na gari yangu. Kutoka mgongo wa kiti changu mpaka kiti cha nyuma, kamba ilijaa mkononi kama sijapima kitu. Ilikuwa shubiri moja na vidole. Nilipima mara tatu, ya tatu kwa hasira.

Nikasema basi, gari kubwa zitakuwa na nafasi kubwa. Nilienda kwa mwalimu mmoja jirani yetu, mwenye saluni ndefu ya kifahari. Ukiziweka pamoja na yangu, yake inaizidi hatua nzima. Nikaingiza kamba ndani. Imeizidi yangu vidole vinne! Urefu wote ule ulikuwa umeliwa na boneti mbele na buti nyuma, ni sawa na mtu mwenye uwanja mpana na chumba kimoja cha kulala. Mwalimu akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta heshima. Akafunga mlango wa gari yake.

Stesheni wagoni ilifaa kwa kamba, lakini mama angekaa kule nyuma kwenye mizigo. Mke wangu alinikazia macho. "Mama yangu ni gunia la dagaa?" Pikapu ilikuwa na nafasi ya fimbo mbili na chenji, ila vumbi la njia ya Butiama lingemfikisha kwa daktari akiwa na ugonjwa mwingine. Nikajaribu jipu moja la zamani, refu kwenda juu, pana mpaka linatisha watu barabarani. Ndani? Matairi yameingia tumboni, mabenchi yamebanana, kamba ikakataa. Kufikia hapo nilikuwa naichukia kamba na nawachukia Wajapani wote.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza samaki, mwenye kipanya, kile kigari kidogo cha kubebea mizigo. Kile kipanya kwa nje kilikuwa kinalingana na saluni yangu, pengine kimezidi kiganja. Lakini hakikuwa na pua. Injini iko chini ya kiti cha dereva, na kuanzia hapo mpaka mlango wa nyuma ni chumba kitupu chenye benchi moja mwishoni. Nikatandaza kamba. Ikalala yote, ikabaki nafasi ya shubiri! Nilipiga kelele mpaka paka wa pale wakakimbia. Yule mama akakubali tubadilishane kwa siku moja: yeye na saluni yangu, mimi na kipanya chake, na harufu ya sangara juu.

Tukafika Butiama asubuhi. Mimi, kama ilivyo adabu, nikajificha nyuma ya jiko. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, akaizunguka gari akiigonga na kuhesabu kutoka mbele mpaka nyuma.

"Hii ni fupi," akasema. "Mwambie mume wako asinidanganye kwa sababu sioni."

"Baba," mke wangu akaniita, "mama anasema ni fupi."

"Mwambie ni fupi nje, ndani ni ndefu!"

"Mama, anasema ni fupi nje, ndani ni ndefu."

"Nani aliona wapi kitu kama hicho?"

Nilitamani kuung'ata ukuta. Daktari anapasua watu mjini, jua linapanda, sisi tunabishana kwa mkalimani. Mwishowe mke wangu akamshika mkono, akamwingiza. Nikasikia fimbo inalazwa kwenye bati, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Ehe," akasema. "Kumbe ina tumbo."

Alipasuliwa siku hiyohiyo. Baada ya siku mbili mke wangu akaja kuniambia bandeji imetolewa na mama ameuliza kwa nini binti yake amekonda hivyo. Hatujawahi kufurahi kutukanwa namna ile.

Siku ya kumrudisha, kipanya kilikuwa kimekwenda Kibara kufuata dagaa na hakijarudi. Nikapeleka saluni yangu hospitali, nikaiacha getini, nikasimama nyuma ya ukuta huku aibu inanichoma. Nikamsikia anaizunguka. Safari hii hakugonga na fimbo.

"Hii ndiyo gari anayoringia mjini? Mbona kama banda la kuku?"

Mke wangu akaanza kueleza habari za kipanya, na kamba, na vidole vinne vya mwalimu. Mama mkwe akamkatisha.

"Nipe khanga yako. Ifunge hapo katikati, toka upande huu mpaka ule. Haya. Si ukuta huo? Nyumbani tunasalimiana na ukuta katikati, nani alipima fimbo? Fimbo ni ya uwanjani. Mlikuwa mnahangaika na kamba ya nini?"

Wiki nzima nimetambaa ndani ya gari za watu! Nikapita mlango wangu kichwa chini, nikaamkia khanga, khanga ikaitikia vizuri kabisa.

Tukaondoka. Sikumwona hata kivuli, kioo cha ndani kilinionyesha maua ya khanga tu. Lakini nilimsikia. Kipanya kile kilikuwa bati tupu ubavuni, na gari yangu ndogo ina vioo pande zote. Alikuwa anataja vitu kimoja kimoja, kwa sauti ya chini. Mbuzi. Mbuzi mwenye doa. Mama yule amebeba kuni. Yale mawe bado yako palepale. Mihogo ya watu hawa imestawi. Nilikuwa nakimbiza ili aibu yangu iishe mapema, na nashukuru khanga ilikuwepo maana mkwe hapaswi kuonwa akilia.

Halafu mke wangu akaita kutoka upande wa pili.

"Baba, mama anasema uendeshe polepole. Hajamaliza kuangalia."

Nikapunguza gia.