Mwanga Uliopotea Njiani Magunga

Joyline Maroa alifundishwa kazi ya faiba, nyaya za mtandao, na Stanley Nyakundi, na hilo hajawahi kulikana. Nyakundi ndiye aliyemtoa kwenye kibanda cha kutengeneza simu mjini Migori, akamwonyesha jinsi ya kuunganisha nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na jinsi ya kupima mwanga unaopotea njiani.

Mwaka jana walimaliza laini ya kutoka Sori hadi zahanati moja karibu na Magunga. Kupitia laini hiyo picha za eksirei zingetumwa kwa daktari Homa Bay, ili wagonjwa wasirushwerushwe kwenye pikipiki barabara nzima. Siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa kanisani.

Joyline akapima. Mashine yake hurusha mwanga ndani ya faiba na kupokea unaorudi. Pale mwanga unapovuja, mstari kwenye kioo cha mashine hushuka. Ulishuka ghafla kwenye kiungo kimoja juu ya nguzo, kando ya uzio wa mbuga ya Ruma. Akapima kutoka upande wa pili, ukashuka palepale. Akabadili, akatumia wimbi refu zaidi la mwanga, upotevu ukazidi. Wimbi refu huvuja zaidi pale faiba inapokunjwa, na hapo akajua kwamba nyuzi zimekunjwa mno ndani ya kisanduku cha kiungo hicho.

Kisanduku hicho Nyakundi alikuwa amekifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Alipoambiwa, Nyakundi alisema taa za zahanati zinawaka kijani na mtandao unafika, basi laini iko sawa. Joyline akajibu kwamba unafika leo, ila nyuzi zilizobanwa hivyo zitakatika siku picha ya mtu aliyevunjika nyonga iko njiani. Nyakundi akamkumbusha kazi ni ya nani. Kisha akaamuru ngazi ipakiwe kwenye pikapu, akaondoka nayo.

Joyline akabaki barabarani. Akatembea hadi boma la Dorah Obare, mama aliyekuwa akianika mtama uani, akamweleza shida yake. Dorah aliwahi kumsindikiza mumewe aliyevunjika mguu hadi Homa Bay kwa pikipiki, kwa hiyo hakuuliza mengi.

"Chukua ngazi ya kanisa, nyathina," alisema, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. "Mimi nitaishikilia."

Nyakundi aliporudi, alimkuta Joyline amekwisha kuteremsha kisanduku na kukifungua juu ya turubai.

"Funga hiyo kitu, Joyline. Nani amekufundisha kubishana na mimi?"

"Ni wewe, mzee. Ulisema nisipitishe laini mbovu kwa sababu ya mtu yeyote. Sifungi."

Nyakundi aliziangalia nyuzi zilizobanwa kwenye kona. Joyline akazilegeza, akazizungusha upya kwa duara pana, akapima. Pale mstari ulipokuwa ukidondoka, sasa ulipita bila kutikisika. Nyakundi hakuomba radhi. Alikichukua kisanduku, akapanda ngazi, akakifunga mwenyewe kwenye nguzo.

Kazi iliyofuata, ya Muhuru Bay, hakumwita. Joyline naye hakupiga simu kumbembeleza. Alikwenda moja kwa moja kwa kampuni inayomiliki laini, akaomba kukagua laini za Nyatike, akapewa kwa majaribio, akaishika kazi mpaka ikawa yake. Siku hizi mafundi wa Nyakundi wakimaliza laini, yeye ndiye anayekuja kuipima. Wengine humwita mkaidi wakimwona anarudia kipimo. Yeye huwaambia watafute kivuli wakae, maana hana haraka.