Kura Zilizohesabiwa kwa Meza

Habari za mapinduzi ya Wafaransa sikuzishuhudia. Nilizisoma, nikazilinganisha kitabu kwa kitabu, nikazifundisha miaka thelathini nchini Kenya kabla ya binti yangu, muuguzi, kunileta Doha. Mkutano wa chama chetu cha Wakenya wa hapa niliuona kwa macho haya. Nani alimnong'oneza nani kabla ya kikao, hilo nilisimuliwa tu, sitaliandika.

Tulikutana Ijumaa asubuhi, kama kawaida, katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Desturi ya chama, iliyoandikwa pia katika katiba yake, ni kupiga kura kwa meza: meza ya wauguzi na watu wa ofisini, meza ya wazee wa kanisa, na meza ya walinzi, madereva na watumishi wa nyumbani. Kila meza, kura moja. Meza ya tatu ilikuwa na ombi moja: mikutano ihamishiwe jioni, kwa kuwa asubuhi nusu yao wako lindoni na nusu hawajalala. Waliofika walikuwa bado na sare za zamu, macho mekundu.

Mwenyekiti aliniomba niwachangamshe watu kwa historia kabla ya kura. Nikaeleza jinsi mfalme wa Ufaransa alivyoita baraza: makasisi kura moja, makabaila kura moja, na umma wote uliobaki, karibu taifa zima, kura moja, na jinsi umma ulivyodai vihesabiwe vichwa. Meza yangu, ya watu wa ofisini, ilipiga makofi. Mwenyekiti alipiga kuliko wote.

Dereva mmoja akainuka. "Mwalimu, hao makabaila walikuwa wameketi meza ya huku ama ya kule?"

Meza ya tatu ikaangua kicheko.

"Ndugu yangu, hiyo ni Ufaransa," alisema Mwenyekiti. "Hapa sisi ni familia moja."

"Familia gani inahesabu meza ikaacha watoto?" aliuliza mama mmoja mtumishi wa nyumbani, aliyetoka Umm Salal, nje ya jiji. "Hesabu vichwa, Mwenyekiti. Vingine vinasinzia, lakini ni vichwa."

"Mama, katiba ni katiba. Keti, chai inapoa."

Nilighadhibika, na sijapoa hadi leo. Niliwaghadhibikia waliopiga makofi kwa somo wasilokusudia kulitii, na zaidi nafsi yangu: miaka miwili nimeketi meza ile, nikila sambusa zake, nikipiga kura mikutano ibaki asubuhi, bila kulisikia somo langu mwenyewe.

Kura ilipoitwa, nilisimama nikainua mkono pamoja na walinzi. Nikahesabu kwa sauti, mara mbili: arobaini na mmoja wanaunga mkono, kumi na tisa wanapinga. Mwenyekiti alimwashiria katibu aandike.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya katibu, nikasoma alichoandika katika daftari la kumbukumbu: ombi limekataliwa, meza mbili kwa moja. Mkono wangu ulikuwa umehesabiwa ndani ya meza iliyopinga.