Vidole vya Mbangua Korosho

Miaka tisa nilikaa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, nikiwakaribisha watu ambao hawakunikumbuka jina. Wageni walipoacha kuja, hoteli ilimpa kila mmoja wetu barua na mkono wa kwaheri. Nikarudi kwa mama, kijijini karibu na Msambweni, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, kazi yangu kumchochelea mama moto.

Mama alikuwa mbangua korosho. Alizikaanga uani kwenye debe lililokatwa, kisha akakaa chini na kuzigonga moja moja mpaka kokwa itoke nzima. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanawake wa kwetu hupaka majivu mikononi, nayo husaidia kidogo tu. Ncha za vidole vya mama zilikuwa laini, zinang'aa kama sabuni iliyotumika. Kwa vidole hivyo alinipeleka chuo cha kompyuta Ukunda, na kila nilipomshukuru alinikemea niache maneno mengi.

Wakati huo uchumi wa nchi ulikuwa umelala chali, na kila mkubwa aliyeshika kipaza sauti alisema teknolojia ndiyo itakayouinua. Nilimsikia mmoja Kwale mjini, kwenye mkutano. Nilipiga makofi kwa moyo wote, nawaambia ukweli. Siku chache baadaye kampuni moja iliyopewa kandarasi ya kuwaandikisha watu kwenye bima ya matibabu ikatafuta vijana wenye kujua kompyuta. Ujana ulikuwa umenipita, lakini kompyuta nilizijua, na kusalimia watu nilijua kuliko wote.

Kazi ile ilitufaa, sitaki kuisema vibaya. Mama alipata tangi la maji. Mwenye chumba nilichopanga Ukunda alipata kodi yake, mama muuza pilau akapata wateja, na dereva wa tuktuk akawa na abiria wa kila asubuhi. Tulitembea kijiji kwa kijiji na vishikwambi vyetu, kuanzia Samburu yetu ya Kwale, kwenye malori ya barabara kuu, hadi Jego kwa wavuvi. Unaandika jina la mtu, unampiga picha, anaweka vidole kwenye kioo kidogo chenye taa, kioo kinalia, na mtu yumo. Nilijiona mwenye maana.

Ndipo mama akaanza kushika tumbo. Daktari aliona uvimbe, akasema unaweza kutolewa, ila usicheleweshwe, na kwamba kwa kuwa hatukuwa na uwezo, tushughulikie bima kwanza. Nilimwambia aende kituo cha karibu akaandikishwe kesho yake.

"Siendi," alisema. "Nitaandikishwa na mwanangu. Nimekusomesha ili mwenzio aniandike?"

Nikacheka, nikamwachia. Zamu yetu ya kijiji chake ilikuwa imebakisha wiki mbili.

Siku yenyewe tuliweka meza chini ya paa la shule. Mama alikataa kupitishwa mbele, akapanga foleni kama wengine, amevaa leso mpya. Alipofika mezani nikaona mikono yake. Alikuwa amepaka hina vidole vyote kumi, mpaka kwenye pingili, nyekundu iliyokolea. Kwetu mwanamke hujipaka hina kwa arusi au Idi. Yeye alijipaka kwa ajili yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mimi mgeni wako, nihudumie."

Akaweka vidole. Kioo kikakaa kimya. Nikavifuta kwa kitambaa, akaweka tena, na tena. Msimamizi wetu, kijana wa bara mwenye haraka zake, akaja akatazama.

"Hiyo ni hina, sistimu itakataa tu. Mwambie akuje ikitoka. Tuko nyuma."

Wanawake kwenye foleni waliangua kicheko. "Bibi arusi amerudishwa!" Mama naye akacheka, akaficha mikono ndani ya leso. Nilimwona aibu imemshika, nami nikaita mtu anayefuata.

Hina ilipotoka nilimpeleka kwenye kituo kingine tulikokuwa tukiandikisha. Vidole vilikuwa vyeupe, safi, na kioo kikakataa vilevile. Nikavishika, nikavisogeza kwenye mwanga, nikavitazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi badala ya mtoto. Havikuwa na mistari. Hina haikuwa na kosa lolote. Mafuta ya korosho yalikuwa yameila alama yake yote, miaka na miaka, nami nimekula ubwabwa wa kazi hiyo bila kuona.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Kwenye kishikwambi palikuwa na ukurasa wa watu ambao vidole vyao havisomeki. Unampiga mtu picha, shahidi anaweka kidole chake badala yake, basi. Nilifundishwa ukurasa huo siku ya kwanza. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa ameutumia kuandikisha jamaa wasiokuwepo, akafukuzwa, na tangu hapo kila aliyeufungua aliitwa ofisini kujieleza. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo. Jina la mume kwenye fomu ya mama ni jina langu la mwisho. Niliwaza watasema nini wakiliona. Niliwaza kurudi kuchochea moto.

Nikamwambia mama, "Tuvipumzishe vidole. Usibangue korosho mwezi mmoja, ngozi itarudi."

"Itarudi?"

"Inshallah."

Nilitumia jina la Mungu kufunika woga wangu, na hilo silisahau.

Mama alitii. Mwanamke ambaye sijapata kumwona amekaa bure, alikaa bure. Jirani yetu, mwenzake wa kubangua tangu ujana wao, alimletea mafuta ya nazi na kumpaka vidole kila jioni baada ya Alasiri. Kila nilipokuja nyumbani mama alininyooshea mikono.

"Hebu tazama. Alama zimeanza kurudi?"

"Zimeanza, mama."

Hazikuwa zimeanza. Tumbo lilikuwa limejaa, na uso wake umebaki macho. Kila safari nilijiambia nitaufungua ukurasa ule wiki ijayo, mkataba mpya ukishatiwa sahihi. Mkataba ulitiwa sahihi siku ya Jumatatu. Mama alifariki Jumamosi iliyotangulia, mchana, mikono yake imepakwa mafuta.

Watu waliniambia ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Ninaamini kudra. Ninaamini pia kwamba uvimbe ule ungeweza kutolewa, kwa sababu daktari alisema hivyo nami nikiwa nimesimama pale.

Baada ya hitima nilirudi kazini. Nchi inaendelea kuinuliwa, na si uongo, nimewaona watu waliopona kwa sababu niliwaandika. Tulipozunguka tena kijijini kwetu, wa tatu kwenye foleni alikuwa yule jirani. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka vidole kwenye kioo. Kimya. Vidole vya mbangua korosho.

Sikumwita msimamizi. Nikafungua ukurasa, nikampiga picha, nikamwomba mwanamke aliye nyuma yake aweke kidole cha ushahidi. Kioo kikalia.

"Tayari, mama. Umeshaingia."

Hakuinuka. Alikitazama kishikwambi, akanitazama mimi.

"Ndiyo haya tu?"

"Ndiyo haya tu."

"Na hii njia ilikuwepo?"

Ningeweza kusema ni mpya, imeletwa juzi. Angeniamini, maana hajui kusoma na mimi ndiye msomi wa kijiji. Nikasema ilikuwepo.

Jirani yetu alinilea. Tangu nipate akili hajawahi kuondoka mahali nilipo bila kuniombea dua. Alikunja leso yake, akainuka, akapita mbele ya meza yangu, akaenda zake bila kuniaga.