Adhana Tuliyoisikia Kwenye Foleni

Ramadhani hii, magharibi ikikaribia, tulipanga foleni ya mkate wa ufuta Darajani, tende mkononi, hatutulii. Mwalimu mmoja akawa anatusomea kitabu chake: ubongo hausubiri sikio, hukisia kwanza. Ukikitaka kitu sana, utakisikia.

“Nyamaza, mwalimu, nshasikia adhana!” alisema bibi mmoja, tende ishafika mdomoni.

Sote tukatafuna. Mwalimu naye.

Muuza mkate akatutazama, kisha akatazama saa. “Adhana gani? Jua bado!”

Shavu la mwalimu likaganda na tende ndani. “Lakini nimeisikia,” alinong'ona.

Nami, wallahi, niliisikia, tena kwa sauti ya muadhini wetu. Saumu nzima, sasa ya kulipa.

Adhana ya kweli ilipolia, hakuna aliyekula. Tulitazamana tu, kila mmoja akingoja mwenzake aseme kama anaisikia.