Maneno Niliyomtilia Bi Mize Mdomoni

Asubuhi ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nimekaa uani kwetu Ng'ambo, namlisha binti yangu Sabra uji, redio nimeiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mara nikasikia mtangazaji anasoma taarifa yangu. Neno kwa neno! Nikakiacha kijiko mdomoni mwa mtoto nikapiga kigelegele. Sabra akautema uji wote, na mimi sina habari. Msichana niliyeishia kidato cha nne, maneno yangu yanasikika Unguja nzima.

Sijafika umri wa kuitwa mzee. Sabra bado ananyonya. Lakini nimesikia umepata kazi ya uhusiano wa umma, unatamba nayo kibarazani, na mimi hasira zimenipanda. Si kwako. Kwa yale ninayojua utaagizwa uyafanye. Basi kaa unisikilize kama ungemsikiliza bibi yako.

Mimi ni afisa uhusiano wa hoteli moja ya pwani ya mashariki, ofisi yetu iko Mji Mkongwe, ghorofani, juu ya duka la vinyago. Hoteli ilikuwa imeifunga njia ambayo kina mama wakulima wa mwani walipita na magunia yao kutoka baharini. Wageni wanataka kuona bahari, hawataki kuona magunia, ndivyo alivyosema Bwana Fahmi, mkuu wa masoko. Kina mama wakachongewa njia nyingine, inazunguka nyuma ya ukuta. Tukaenda kuipiga picha.

Huko ndiko nilikokutana na Bi Mize, mama wa makamo, mkulima wa mwani tangu ujana wake. Alinipokea Sabra, niliyekwenda naye, akamrusharusha, akampa dafu. Nikamuuliza, "Bi Mize, hii njia mpya mnaionaje?"

Akacheka. "Ndefu, mwanangu."

Basi. Hakuongeza kitu.

Tuliporudi mjini, Bwana Fahmi akataka niandike taarifa ya kuwapelekea waandishi wa habari. "Na utie kauli ya mwanakijiji. Kina mama wamefurahi."

"Hawajasema wamefurahi."

"Wamekataa?"

"Hawajakataa."

"Haya, andika."

Nikaandika. Hodari mimi! Bi Mize, mkulima wa mwani, amesema: tunaishukuru hoteli kwa njia hii, imeturahisishia kazi. Nikampelekea Salum, mtangazaji niliyesoma naye skuli. Salum naye siku hiyo alikuwa na habari chungu nzima za kumaliza kabla ya adhuhuri. Hakumpigia mtu simu. Akasoma kama nilivyompa, na ndiyo mimi nikapiga kigelegele.

Siku ya pili yake Bi Mize akaja ofisini. Alizipanda ngazi zote zile, buibui lake limeganda chumvi kwenye pindo.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Hayo nliyosema. Nataka nimsikie huyo Mize wa redioni. Naambiwa ana adabu kuliko mimi."

Nikaitoa karatasi, nikasoma.

"Nimesema hivyo mimi?"

"Hapana."

"Kasema nani?"

"Mimi, Bi Mize."

Hakunipigia kelele, na bora angepiga. Akanieleza polepole kwamba gunia la mwani mbichi mtu hajitwiki mwenyewe, ni zito, lazima mwenzako akunyanyulie, na wewe umnyanyulie wa nyuma yako. Hivyo ndivyo wanavyotoka baharini siku zote. Jana yake maji yanajaa, wenzake wakatwikana, wakaondoka. Alipowaita, wakamjibu: "Iite hoteli yako ikutwike!"

"Nikaliburura, mwanangu. Nusu limechukuliwa na maji." Akainuka. "Ungeniomba gunia zima ningekupa. Lakini neno langu umelichukua hata kuniomba hukuniomba."

Akashuka ngazi. Sikulia, maana niliona sina haki ya kulia. Nikaingia kwa Bwana Fahmi nikamwambia tunasahihisha.

"Kusahihisha? Watu watatucheka!"

"Watucheke. Wewe kazi yako kuuza vitanda, uza. Yangu mimi ni kufanya watu waamini tunachosema. Leo nimemwongopea Salum, kesho hata tukichimba kisima cha kijiji hatatusoma."

"Nani kakwambia uhusiano si masoko?"

"Bi Mize kaniambia."

Nikampigia Salum. Nikamwambia ukweli, naye akasema: "Umenivua nguo, dada."

"Najua."

"Na mimi nlikuwa na simu mkononi, sikuuliza. Twende tukamsikilize mwenyewe."

Tukaenda, Sabra mgongoni, Salum na kinasa sauti chake. Nikasimama mbele ya wanawake wale nikasema: maneno ya redioni niliyatunga mimi, Bi Mize hakuyasema. Mmoja, mrefu, mkali, akaniuliza, "Na mshahara ulikula?"

"Nilikula."

Wakacheka, kicheko cha kuuma, nikakimeza. Kisha wakamweleza Salum yao wenyewe: njia ndefu, maji yanawakuta njiani, mtoto mchanga nyumbani analia. Na maji yakaanza kujaa kweli. Bi Mize akalishika gunia lake pembeni, akasimama. Hakumwita mtu. Nilipotaka kumwendea, yule mrefu akanipita. "Haya, inama," akamwambia, akamtwika.

Redio ilianza na masahihisho, kisha zikaja sauti zao. Wiki haikumalizika, mkurugenzi wa hoteli akakaa nao chini. Sasa lango la njia ya zamani hufunguliwa kila maji yanapotoka.

Mwanangu, utaambiwa kazi hii ni kupamba. Usikubali. Mtu wa masoko anataka watu wanunue, mwandishi anataka kujua kilichotokea, na wewe umekaa kati yao. Usimfurahishe mmoja kwa kumwongopea mwenzake. Ukiandika mtu amesema, awe amesema, na umsomee mwenyewe kabla karatasi haijatoka mezani kwako. Ukikosea, mpigie mwandishi wewe, usingoje akupigie yeye. Mkubwa akinuna, anune. Bwana Fahmi alininunia mwezi mzima, na leo kila nikimpelekea taarifa huuliza kwanza, "Wamesema wenyewe?" Ni kazi nzuri hii. Wanaoifanya ovyo ndio wanaonikera.

Nenda kazini. Mola akujaalie kalamu inayoona haya, na siku mzigo wako utakapokushinda, akuletee wa kukwambia, "Haya, inama." Radhi zangu unazo.