Neno Lililotoka Kinywani mwa Donatien Lachance

Donatien Lachance alitukana ndani ya sakristia, chumba cha pembeni mwa altare, na aliyeadhibiwa ni Alphéda Gaudreault. Hayo ndiyo yaliyotendeka. Wapo wanaosema jambo hili lina pande mbili, na ukiwachunguza utakuta ni wale wanaonunua unga dukani kwa Donatien na wanaogopa kupimiwa pungufu.

Kijijini Saint-Odias, mtu akijigonga nyundo hamtaji mama wa mtu wala mnyama wa mtu. Anataja vyombo vya kanisa. Tabernakulo! Siborio! Kalisi! Hostia! Hivyo ndivyo wanaume wanavyotukana katika Kanada yote ya Wafaransa, na wakichemka kweli huvifunga vyote pamoja kama magogo na kuvisukuma mtoni kwa mkupuo mmoja. Kwa watu wenye haya kuna njia ya pembeni. Unaanza kama unayetaka kulitamka, halafu ulimi unakata kona: tabernushi, siboli, kalini. Hakuna aliyefundishwa kona hizo darasani. Kila mama aliyekuwa na watoto na jiko la kuni alikuwa na za kwake.

Za Alphéda zilikuwa mbili. Ya kila siku ilikuwa "kalini ya maharage." Ya siku ngumu, siku ng'ombe alipopiga teke ndoo iliyojaa, ilikuwa "nyama ya mbwa." Zaidi ya hapo hakwenda. Alizaa watoto tisa akazika wawili, na wakunga wapo wa kulishuhudia hilo: hata katika uchungu alisema kalini.

Alipokuwa mdogo mama yake alimwambia kwamba kila mtu anapolitamka neno lenyewe, ile taa nyekundu inayowaka daima kanisani hutetemeka. Siku moja baba yake alilipigia kelele shoka, na Alphéda, mtoto wa miaka saba, akakimbia hadi kanisani kuangalia. Taa ilikuwa inatetemeka. Alipokuwa mkubwa alijua ni upepo wa mlangoni, lakini hakuona sababu ya kubadilisha mwenendo. Na alipopewa kazi ya kufua vitambaa vya altare, sababu ikawa nyingine kabisa.

Miaka kumi na nane alivifua. Padri alivisuuza kwa maji ya kwanza mwenyewe na kuyamwaga ardhini, ndipo vitambaa vilipomfikia yeye. Alikijua kile kidogo cha kufutia kalisi kama alivyojua nguo za watoto wake. Alijua divai inapenda kujificha kwenye pindo gani. Alivitia wanga mwepesi, akavipiga pasi vikiwa bado na unyevu, akavikunja mara tatu hivi na mara tatu vile. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini hakuna mke wa mwalimu wala wa daktari aliyepewa kazi ile. Basi kitu unachokifuta machozi yake kila Jumatatu utakirushaje kwenye kichwa cha ng'ombe mkaidi? Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake. Hakuwahi kuulizwa.

Ilikuwa Juni ya mwaka hamsini na saba, Ijumaa kabla ya maandamano ya Ekaristi. Donatien alikuwa sakristia akiunganisha mwavuli mkubwa wa hariri, ule wenye miti minne ambao wanaume hubeba juu ya padri. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Ndimi Safi, chama cha wanaume walioapa kutotukana. Dukani kwake, juu ya mizani, alitundika kadi yenye herufi nyekundu: Hapa hatukufuru. Siku ile alivaa beji yake kifuani na viatu vyepesi vya Jumapili, na Alphéda alikuwa mbele ya kabati akipanga vitambaa.

Mti mmoja, wenye kichwa cha shaba, ukateleza. Ukamwangukia kwenye kidole gumba cha mguu.

Akasema. Na hakusema moja. Alianza na tabernakulo, akapitia kalisi, akamalizia na hostia, kwa sauti ile nyembamba ya juu anayoimbia kwaya na ambayo, mtu akiwa nyuma ya mlango, hawezi kuitofautisha na ya mwanamke.

"Kalini ya maharage, Donatien, mguu wako!" Alphéda akapiga kelele, akaukimbilia mti na kuunyanyua.

Mlango ukafunguka. Paroko Théberge alisimama pale, na nyuma yake akina mama wawili, na wasichana wadogo waliokuwa wakijifunza kurusha maua.

"Nani amesema?"

Donatien alikuwa ameketi juu ya sanduku la mishumaa, mkono mmoja kwenye kiatu, mwingine kwenye beji. Alphéda alikuwa amesimama na mti mkononi kama mwizi aliyekutwa na ngazi. Alinyamaza, kwa sababu alimpa mwanamume nafasi ya kujisemea. Hilo ndilo kosa lake pekee katika habari hii yote, na amekwisha kulijutia vya kutosha.

"Mama, nakuuliza wewe," padri akasema.

"Mimi nimesema kalini, Baba."

"Umesema nini?"

"Kalini ya maharage. Ndivyo nisemavyo siku zote."

Padri akatikisa kichwa. "Na hiyo kalini ni nini, kama si kalisi iliyofunikwa leso? Unadhani Mungu hajui anachofichwa? Anayezoea kivuli cha neno, siku moja neno lenyewe litamtoka. Limekutoka leo. Isitoshe nyumba yako naijua. Namjua mumeo Ovila na kinywa chake."

"Baba, muulize Donatien."

Padri akamgeukia Donatien. Mtu akitaka kujua ni lini hasa dhuluma hii ilifanyika, ilifanyika hapo. Donatien aliwatazama wale akina mama, akawatazama watoto na vikapu vyao, akaitazama beji yake.

"Mimi nimeumia mguu, Baba," akasema. "Sikuweza kusikiliza vizuri."

Jumapili, kwenye misa ya saa nne, padri hakutaja jina. Alisema tu kwamba neno la kufuru limetamkwa hatua tano kutoka altareni, na kwamba limetoka katika kinywa cha mwanamke aliyekabidhiwa vitambaa vya altare. Kijiji kina familia themanini na mfuaji mmoja. Vichwa viligeuka mpaka watoto wake wakainamisha nyuso magotini. Kisha ikaombwa rozari nzima ya malipizi, wote wamepiga magoti. Na aliyeiongoza, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa Ndimi Safi, ni Donatien Lachance. Alikwenda mbele akichechemea, na watu wakamhurumia kwa mguu wake.

Jumatatu alikuja mtu kuchukua kapu la vitambaa. Lilikwenda kwa Blandine, mke wa Donatien.

Watu wa Saint-Odias si wakatili. Wanapenda kucheka tu, na mara nyingine ni afadhali ukatili. "Kumbe wewe, Alphéda!" jirani yake Rose-Délima alimwambia kisimani mbele za watu. "Wenzako tunatukana jikoni, tena kimoyomoyo. Wewe umekwenda kutukana palepale vyombo vyenyewe vinasikia!" Watoto wa shule wakampokea njiani kwa "Kalini! Kalini!" Neno lake la kila siku, alilolichagua kwa heshima, likawa jina lake la utani.

Ovila, mumewe, aliyefanya kazi ya kukata magogo msituni na kuyaelea mtoni, alirudi wiki mbili baadaye, magogo ya majira ya kuchipua yalipokwisha kufika kwenye kiwanda cha mbao. Alikuwa amekwisha kuzisikia habari.

"Mke wangu, nini hiki nasikia mpaka kule mtoni? Ati umenishinda?"

"Usicheke, Ovila."

"Sicheki. Miaka thelathini natukana, hakuna aliyeniombea hata Salamu Maria moja. Wewe mara moja tu, rozari nzima!"

Alphéda akamtupia tambara la kufutia vyombo. Tambara lile lilimpata usoni, na alipoliondoa alikuta mkewe analia, mwanamke ambaye hakulia hata paa lilipoporomoshwa na theluji. Ovila akaketi.

"Nitakwenda kumvunja mguu wa pili."

"Ukimgusa watasema, si mnaona, nyumba ni ileile."

Kisha Alphéda akamuuliza swali ambalo hakuwa amemuuliza tangu waoane: kwa nini yeye hawezi kukata kona kama watu wengine.

"Kule msituni?" Ovila akasema. "Farasi amezama kwenye barafu, rafiki yako yuko chini ya gogo, msimamizi anakufokea kwa Kiingereza chake. Utasema maharage? Nilitafuta kitu kikubwa cha kusema, mama. Na vitu vikubwa tulivyopewa sisi vyote vilikuwa kanisani. Vingine vyote vilikuwa vidogo."

Alphéda alilifikiria hilo siku nyingi akiwa kwenye beseni. Mumewe alilitupa neno kwa sababu lilikuwa zito, na yeye aliliepuka kwa sababu hiyohiyo. Wote wawili waliujua uzito wake. Lakini Donatien alikuwa na vinywa viwili, kimoja cha kutundika juu ya mizani na kimoja cha kidole gumba, na kilipofika kipimo akaazima kinywa cha tatu, cha mwanamke asiyejua kuandika barua kwa askofu.

Akaenda dukani. Alichagua Jumamosi asubuhi, duka likiwa limejaa watu, lakini Donatien alipomwona anaingia akawaambia wateja wasubiri, akamvuta hadi stoo, kati ya magunia.

"Alphéda, nakuomba. Fikiria chama."

"Nimefikiria. Wewe ndiye uliyesema."

"Najua." Alisema hivyo, najua, bila hata kutazama chini. "Lakini wanaume arobaini wameacha kutukana kwa sababu yangu. Wakisikia mwenyekiti mwenyewe, kesho wote watarudia. Kwako wewe litapita. Watu wanakwambia nini? Kalini? Ni utani tu. Na una mume wa namna ile, hakuna aliyeshangaa sana."

"Hilo ndilo linaloniuma. Kwamba hawakushangaa."

"Chukua kitambaa, chagua chochote. Ile sufu ya bluu. Ukashone koti la binti yako."

"Sikuja kwa sufu. Lilisemwa wapi, Donatien? Lilisemwa kanisani, misa ya saa nne. Basi usimame hapohapo, misa ileile, useme: lilikuwa langu."

"Haiwezekani."

"Kuongoza rozari uliweza."

Alipotoka alipita katikati ya wateja. Mmoja wao akasema polepole, "Kalini," na mwingine akakohoa kuficha kicheko. Kadi ilikuwa bado pale juu ya mizani.

Wiki chache baadaye Blandine alimjia kwa mlango wa nyuma, na kile kitambaa kidogo ndani ya taulo. Divai ilikuwa imeshika. Alikwisha kukimwagia maji ya moto, akakiharibu zaidi.

"Bibi Ovila, naona aibu kukuuliza."

"Unaona aibu kwa kitambaa?" Alphéda akamtazama mpaka mwenzake akageuza macho. Mwanamke huyu alilala kitanda kimoja na mguu ule. Alijua vizuri kidole kilivimba kwa nini na sauti ya mumewe ikiumia huwaje. Angeweza kumfukuza. Lakini kitambaa hakikuwa na hatia. "Maji baridi," akamwambia. "Chumvi, halafu maziwa, usiku mzima. Usikisugue. Na uende kwa njia uliyojia, nisije nikaonekana nawafundisha watu wa heshima."

Jioni hiyo, akiwa zizini, aliona kwamba amekwisha kulilipia neno lile na hajawahi kulitumia. Amelilipia kwa kazi yake, kwa jina lake, kwa nyuso za watoto wake. Ni lake sasa. Akaangalia pande zote. Palikuwa na ng'ombe tu. Akavuta pumzi, akafungua kinywa, akaanza vizuri kabisa, tabe, na hapo ulimi ukakata kona wenyewe.

"Nyama ya mbwa," akasema, akaipiga ndoo teke kwa hasira. Hata hilo walikuwa wamemnyang'anya. Hakuweza kuwa yule waliyesema ni yeye, na yule aliyekuwa kweli hakuna aliyemtaka tena.

Miaka kumi na miwili imepita. Paroko Théberge alihamishwa na amezikwa parokia nyingine. Chama cha Ndimi Safi kimekufa. Vijana siku hizi wanataja vyombo vyote vya sakristia wakiagiza bia, mbele ya bibi zao, na hakuna anayewapigisha magoti. Nusu yao hawajawahi kuiona kalisi kwa karibu. Wengine humwambia Alphéda, sahau, mama, nani anajali neno leo? Kana kwamba alidai neno.

Anachodai ni sentensi moja. Donatien Lachance yu hai, ana sauti, na kila Jumapili anaketi benchi la mbele. Anadaiwa kusimama kwenye misa ya saa nne na kusema mbele ya watu: lilitoka kinywani mwangu, na mwanamke huyu alisema kalini. Blandine naye anadaiwa kuacha kutazama pembeni. Na Donatien afanye haraka, kwa sababu waliokuwepo siku ile wanapungua kila majira ya baridi, na watakapokwisha hatakuwa na watu wa kumlipa Alphéda mbele yao, ila deni litabaki.